Maombi yetu ya ufadhili wa uzamili na uzamivu yanakwamia wapi hasa?

#1 Karani wa Maabara

Wakuu, habari za jioni.

Nina shahada ya kwanza ya sayansi ya udongo, daraja la pili la juu, na miaka minne ya kazi katika maabara hapa Morogoro. Mwaka juzi nilijaza maombi ya ufadhili wa shahada ya uzamili nchini Uingereza kwa muda wa wiki sita. Kila nikitoka kazini nilikaa mezani, nikaandika insha, nikafuta, nikaandika upya. Tangazo lilisema mwisho ni 12:00 kwa saa za Greenwich. Kwa mazoea yetu tarehe huisha usiku, kwa hiyo nikaisoma kama saa sita usiku. Siku ya mwisho nilirudi nyumbani, nikala, nikafungua kompyuta saa tatu usiku nikiwa na hakika kwamba bado nina muda wa kupitia maneno ya mwisho. Ukurasa ukaniambia kwamba dirisha limefungwa. Lilikuwa limefungwa tangu saa tisa alasiri, wakati mimi nikiwa bado napima sampuli.

Tumezoea kuambiwa kwamba Watanzania tunakosa ufadhili kwa sababu Kiingereza chetu ni dhaifu au ufaulu wetu ni mdogo. Mimi nadai kwamba wengi wetu hatufiki hata mezani pa kupimwa Kiingereza wala ufaulu, kwa sababu tarehe inatuangusha mlangoni. Naomba kila aliyewahi kuomba, akapata au akakosa, aeleze alikwamia wapi, ili wanaojiandaa sasa wajue shimo liko upande gani wa njia.

#2 Binti wa Kilosa

Pole sana, kaka. Hata hivyo sikubaliani nawe kwamba tatizo ni tarehe. Tarehe ya tangazo inajulikana mapema. Kisichojulikana ni siku ambayo chuo chako kitakupa karatasi zako.

Nilimaliza mtihani wa mwisho mwezi wa saba. Matokeo yakasubiri kikao cha seneti, mahafali yakawa Novemba, na hati ya matokeo haikutolewa mpaka fomu ya kuondoka chuoni iwe na sahihi za maktaba, bweni, maabara, uhasibu na idara. Sahihi ya maabara peke yake ilinichukua siku tisa kwa sababu mtunza vifaa alikuwa likizo na hakuna aliyekaimu. Nikalipia, nikapewa stakabadhi, nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Niliporudi, karani wa dirishani alipekua rundo la bahasha za kaki mara mbili, akasema jina langu halimo. Chuo sikitaji, kwa kuwa nimesikia habari zinazofanana na hizi kutoka vyuo vingi. Wakati huo maombi niliyoyalenga yalikuwa yamekwisha kufungwa, na sikuwa nimekosea kusoma saa yoyote.

#3 Msomaji wa Göttingen

Salaam kutoka Ujerumani. Poleni nyote wawili, ila kuna mambo ya kusahihisha.

Kwanza ni saa. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya Greenwich mwaka mzima, lakini Uingereza na Ujerumani hubadilisha saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo 23:59 ya Berlin katika Septemba ni saa saba kasoro dakika moja usiku kwa Dar es Salaam, na 23:59 hiyo hiyo katika Desemba ni saa nane kasoro dakika moja. Jambo jingine linalowaponza watu ni kudhani kwamba mwezi haubadiliki. Maombi ya Chevening, ufadhili wa uzamili wa serikali ya Uingereza, ya 2023 na ya 2024 yalifungwa Novemba, lakini ya 2025 yalifungwa mapema Oktoba. Aliyekuwa akifuata kalenda ya mwaka uliotangulia alichelewa kwa takriban mwezi mzima.

Pili, dada Binti wa Kilosa, huenda hukuhitaji kusubiri ile bahasha. Kozi za Erasmus Mundus, yaani za uzamili zinazofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, huwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa mwisho kuomba, mradi shahada iwe imepatikana kabla ya masomo kuanza. Hutuma matokeo ya muda pamoja na barua ya chuo inayoeleza kwamba wanatarajia kuhitimu. Ada hulipwa, na posho ya kujikimu ni euro 1,400 kwa mwezi, hadi miezi 24. Kila kozi hujipangia tarehe yake, na nyingi hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari.

#4 Binti wa Kilosa

Asante, mkuu. Nakubali kwamba hilo sikulijua. Lakini hata hiyo barua ya kutarajia kuhitimu hutoka dirisha lile lile.

#5 Mhadhiri wa Zamani

Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka 27, na nimeandika barua nyingi za kuwadhamini wanafunzi. Naomba niseme yale ninayoyaona kutoka upande wa pili wa meza.

Mwanafunzi huja Alhamisi, maombi yanafungwa Jumamosi. Hana wasifu wake, hana insha yake, hana jina kamili la kozi. Ninachokumbuka juu yake ni kwamba alikaa darasani pamoja na wenzake 180 na kwamba alama zake zilikuwa nzuri. Barua ninayoweza kumwandikia kwa hali hiyo ni barua ya mtu asiyemfahamu, na msomaji huitambua kwa haraka. Nakumbuka binti mmoja aliyekuja miezi mitatu kabla. Aliniletea karatasi moja: kichwa cha tasnifu yake, tatizo alilolikuta uwandani pale mizani ya kupimia mbegu ilipoharibika, jinsi alivyolitatua, na kozi anayoomba. Barua yake ilinichukua jioni nzima na ilijaa mambo ambayo mimi mwenyewe niliyaona. Alipata.

Kwa maoni yangu, barua za wadhamini huua maombi mengi kuliko saa na bahasha, ila mwombaji hajui, kwa sababu barua haioni.

#6 Kijana wa Kinondoni

Shikamoo, Mwalimu. Nakuheshimu, ila naomba na upande wetu usikilizwe. Mimi nilikwenda wiki saba kabla, nikiwa na wasifu na insha. Mhadhiri wangu aliniambia niiandike barua mwenyewe, yeye aisaini. Nikaiandika. Barua mbili kati ya tatu nilizotuma ziliandikwa na mkono wangu, zikafanana mpaka kwenye urefu wa aya. Nitajisifuje kwa sauti ya mtu mwingine, tena mara mbili, bila msomaji kunusa kwamba aliyeandika ni mmoja?

Pamoja na hayo, nadhani mnalizunguka jambo kubwa zaidi, ambalo ni fedha. Mtihani wa Kiingereza hulipiwa kabla hujajua kama utapata chochote, na matokeo yake huhesabiwa kuwa halali kwa miaka miwili tu, kwa hiyo ukikosa mara mbili unaanza upya. Pasipoti ni shilingi 150,000. Ongeza kuthibitisha nakala kwa wakili, nauli ya kwenda kwenye kituo cha mtihani kwa mtu wa Sumbawanga au Kibondo, na siku za kazi alizokosa kulipwa. Ufadhili unaitwa wa bure, lakini mlango wake una kiingilio.

#7 Mhadhiri wa Zamani

Marahaba, mwanangu. Hilo la kumwambia mwanafunzi ajiandikie ni kosa, na wenzangu wanaolifanya wanawadhulumu. Sababu yake ni wingi wa wanafunzi, lakini sababu haiondoi dhuluma.

Kuhusu mtihani wa Kiingereza, kabla ya kulipa iulize kozi yenyewe. Vyuo kadhaa vya Ulaya hukubali barua ya chuo chako inayoeleza kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza.

#8 Jirani wa Eldoret

Hamjambo, majirani. Nasoma uzi huu nikiwa Kenya na naona mengi ni yale yale, ila kwetu kuna kizuizi kingine ambacho hamjakitaja. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya 2014 ilimtaka mwanafunzi wa uzamivu awe na makala mbili katika majarida yaliyohakikiwa kabla ya kuhitimu, na wa uzamili awe na moja. Nia ilikuwa njema. Lakini ufadhili una mwisho wake, na jarida halijui mwisho wa ufadhili wako. Makala yangu ilikaa kwa wahakiki miezi kumi na moja. Posho ilikwisha nikiwa bado nasubiri, nikarudi kufundisha shule ya sekondari ili nipate kodi ya nyumba, na tasnifu ikalala kabatini kwa miaka miwili. Kwa hiyo msihesabu tarehe ya kuingia peke yake, kwa kuwa tarehe ya kutoka nayo ina meno.

Kwa waliosoma uchumi, usisahaulike muungano wa AERC wa utafiti wa uchumi Afrika, wenye makao yake Nairobi, ulioanzishwa 1988. Wanafunzi wake wa uzamili husoma kozi za msingi katika vyuo vyao, kisha hukutanishwa kwa ajili ya kozi za hiari na kufundishwa na walimu kutoka nchi mbalimbali. Baadhi ya wachumi wa benki kuu zetu walipitia mkondo huo.

#9 Mama Wawili

Assalaam alaykum. Naandika kutoka Unguja. Nimesoma yote kwa makini na sijaona aliyetaja watoto.

Nilipata nafasi ya uzamili nje nikiwa na mtoto wa miaka mitatu na mwengine wa miezi minane. Ufadhili ulimlipia mtu mmoja. Viza ya mtu mmoja, tiketi ya mtu mmoja, chumba cha mtu mmoja. Nilipewa siku kumi na nne za kukubali au kukataa. Mama yangu alikuwa mgonjwa na asingeweza kubaki na mtoto anyonyaye. Siku ya kumi na tatu nikaandika barua ya kukataa, nikaisoma mara tatu, nikaituma baada ya sala ya Isha. Katika takwimu zao nitahesabiwa kuwa niliyekataa, na hakuna safu ya kuandika kwa nini. Mnapoorodhesha sababu zenu, naomba na hii iandikwe, kwani wanawake wa rika langu tuko wengi na wengi wetu hatuombi kabisa kwa kuwa tunajua siku hiyo ya kumi na tatu itafika.

#10 Msomaji wa Göttingen

Wa alaykum salaam, dada. Maneno yako yamenigusa sana. Kama hujakata tamaa, fuatilia ufadhili wa Jumuiya ya Madola unaotolewa na Uingereza, kwa sababu una posho ya mtoto kwa mzazi mjane, aliyeachika au anayelea peke yake, pale mtoto anapofuatana naye. Najua hali yako si lazima iwe hiyo, na Chevening kwa upande wake hailipii wategemezi. Jambo la kufanya ni kusoma masharti ya familia mwanzo kabisa, kabla ya kuandika insha hata moja.

#11 Mtumishi wa Dodoma

Nawasalimu. Kwa sisi tulioajiriwa serikalini kikwazo kina jina, nacho ni ruhusa ya mwajiri. Jina lako lazima liwe kwenye mpango wa mafunzo wa ofisi, na mpango huo hupangwa kabla hujajua ufadhili upi utatangazwa. Barua yangu ilipita kwa mkuu wa kitengo, ikapanda kwa mkurugenzi, ikarudi kwa sababu ya kumbukumbu namba, ikapanda tena. Niliipata ikiwa na mhuri siku nne baada ya maombi kufungwa. Kinachoumiza ni kwamba hakuna aliyenikatalia. Kila meza ilikubali, kwa mwendo wake. Na kwa ufadhili wa Jumuiya ya Madola alioutaja mkuu hapo juu, lazima upitie wizara ya elimu, kwa hiyo unajikuta na misururu miwili ya sahihi badala ya mmoja.

#12 Msomaji wa Göttingen

Mkuu wa Dodoma, hapo rekebisha kidogo. Jumuiya ya Madola ina mafungu kadhaa. Kuna fungu ambalo mwombaji hupendekezwa na chombo cha nchi yake, na kwetu ni wizara kama ulivyosema. Lakini lipo fungu la pamoja kati ya tume inayosimamia ufadhili huo na vyuo vya Uingereza, na hapo vyuo vyenyewe ndivyo vinavyopendekeza majina. Watu wengi huacha kuomba hilo la pili wakidhani kwamba ni lile la kwanza.

#13 Dada wa Kondoa

Niliomba mara tatu, nikapata mara ya tatu. Hati, saa, wadhamini na ruhusa vilikuwa sawa mara zote tatu. Kilichobadilika ni insha tu, kwa hiyo naomba mnisikilize kwa makini.

Insha yangu ya kwanza ilianza hivi: “Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, na nina ari ya kuleta maendeleo katika jamii yangu.” Nimelelewa na watu wasiopenda mtu ajitaje. Ukifanya jambo jema, wengine ndio watakaolisema. Kwa hiyo nilipotakiwa kueleza uongozi wangu nilijificha nyuma ya maneno makubwa ambayo hayana mtu ndani yake. Mara ya tatu niliandika juu ya kisima cha kijiji. Pampu iliharibika mwezi wa kumi, kamati ikawa imegawanyika kwa sababu ya shilingi 340,000 zisizokuwa na maelezo, na mimi nilikuwa katibu mwenye umri mdogo kuliko wote. Nilieleza jinsi nilivyokwenda nyumba kwa nyumba na daftari la michango, nikawaomba watu wenyewe wasome majina yao na kiasi walichotoa, mpaka hesabu ikafunga na pampu ikatengenezwa. Chevening hutaka insha nne: uongozi, mahusiano, masomo utakayosoma, na mpango wa kazi. Kisima kile kilinitosha kwa mbili, kwa sababu katika mpango wa kazi nilieleza kwamba nataka kusoma usimamizi wa maji ili wilaya isisubiri pampu iharibike ndipo ihesabu fedha.

Na wale wanaodhani hawana saa 2,800 za uzoefu wa kazi zinazotakiwa, wahesabu tena. Kazi ya kujitolea na mafunzo kazini navyo huhesabiwa. Nilikuwa nimeziacha saa zangu za kamati ya maji bila kuziandika miaka miwili mfululizo.

#14 Karani wa Maabara

Nawashukuru. Dada wa Kondoa, nimerudi kwenye insha yangu ya mwaka juzi sasa hivi, na sentensi yangu ya kwanza ni ile yako karibu neno kwa neno. Hata kama ningeituma saa nane mchana, sijui ingefika wapi.

Hata hivyo nashikilia dai langu kwa kiasi fulani. Ruhusa iliyochelewa siku nne, bahasha isiyoonekana, barua iliyoombwa Alhamisi, yote haya ni tarehe. Tangazo linataja tarehe moja, lakini nyuma yake kuna tarehe nyingine tano ambazo hakuna anayezitangaza.

#15 Mtafiti wa Mimea

Mnaniruhusu niwageuze shingo? Macho yote yako ng’ambo. Mimi nimesoma uzamivu hapa hapa Afrika kwa ufadhili kamili, na kaka Karani wa Maabara, wewe wa sayansi ya udongo, kuna milango iliyo karibu nawe kuliko London.

RUFORUM, muungano wa vyuo vikuu vya Afrika wenye ofisi yake kuu Makerere tangu 2004, umejengwa juu ya kilimo. Mfuko wa RSIF wa PASET, ushirikiano wa serikali za Afrika katika sayansi na teknolojia, unaosimamiwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, tangu 2018, hulipia uzamivu wa sayansi na teknolojia katika vyuo teule vya Afrika, na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na Chuo Kikuu cha Sokoine vimo. Mwanafunzi hukaa pia kwa muda kwenye taasisi mshirika nje ya nchi. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, ina ufadhili wa kusomea ndani ya nchi na ndani ya kanda, na watu wengi hukosa kwa sharti moja tu: shahada yako ya mwisho isiwe imezidi miaka sita. Kwa walioajiriwa vyuoni upande wa afya ya jamii kuna CARTA, muungano wa vyuo wa kufundisha watafiti wa Afrika, na mradi wa serikali wa elimu ya juu uitwao HEET, wa dola milioni 425, ulioanza 2021 umepeleka wahadhiri masomoni.

Lakini fungu kubwa kuliko yote haya halitangazwi popote. Ni mradi wa utafiti wa msimamizi. Profesa anapopata fedha za kuchunguza rutuba ya udongo kwa miaka minne, ndani ya bajeti huwamo nafasi za wanafunzi wawili wa uzamili na mmoja wa uzamivu. Zinajazwa na wale ambao tayari anawajua. Mimi niliingia kwa kumwandikia msimamizi barua pepe ya mistari kumi na miwili, nikamweleza jedwali moja katika makala yake ambalo sikulielewa. Alinijibu baada ya siku tano, na hakugusia ufadhili hata kidogo. Tuliandikiana kwa miezi minne kabla ya neno hilo kutajwa.

#16 Kijana wa Kinondoni

Daktari, hapo umenithibitishia jambo ambalo huwa nalisema nikaambiwa nina chuki. Kama nafasi zinajazwa na wanaojulikana, basi mtoto wa mkulima aliyesoma chuo kidogo mikoani, ambako hakuna miradi, ameshindwa kabla ya tangazo lolote. Kwake hakuna tarehe wala insha. Kuna kutojulikana tu.

#17 Mtafiti wa Mimea

Ndugu yangu, mimi ni mtoto wa mkulima wa maharage wa Mbozi, na yule msimamizi nilikuwa sijawahi kumwona kwa macho. Ila sikatai usemalo. Kwa kila mmoja aliyeandika barua kama yangu, wako wengi ambao hawajawahi kuambiwa kwamba inaruhusiwa kuandika.

#18 Mwenye Deni

Naomba kuongeza sababu ambayo haipendezi kutajwa: wengine hatuoni faida. Bodi ya mikopo hunikata asilimia 15 ya mshahara kwa mkopo wa shahada ya kwanza, pamoja na ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Nikienda masomoni narudi na umri mkubwa zaidi, cheo kile kile, na ukifika chuoni kuomba kufundisha unaulizwa GPA, yaani wastani wa alama, ya shahada ya kwanza. Ukiwa chini ya 3.8 huwi mkufunzi msaidizi, na kwenye uzamili wanataka 4.0. Nina 3.6. Hata nikisoma mpaka uzamivu, hiyo 3.6 itanifuata kaburini.

#19 Mtumishi wa Dodoma

Mkuu, asilimia 6 iliondolewa mwaka 2021, pamoja na ile adhabu ya asilimia 10. Kama bado unaiona kwenye taarifa yako ya deni, wafuate bodi waihakiki. Asilimia 15 ni kweli, tangu sheria iliporekebishwa 2016, kutoka 8.

Kuhusu GPA, unayosema ni ya kweli kwa kazi ya kufundisha chuo kikuu. Lakini kufundisha siyo mwisho wa njia. Taasisi za utafiti, mashirika ya kilimo na ofisi za takwimu zina watu wa uzamili ambao hawakuwahi kuulizwa hiyo 3.8. Ukisoma nje, kumbuka kupeleka tuzo yako TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, itambuliwe mara tu unaporudi, kwa sababu nimeona watu wakiitafuta hati hiyo siku mbili kabla ya usaili.

#20 Mama Wawili

Nimefungua masharti ya Jumuiya ya Madola usiku huu. Hali yangu haimo, lakini ya dada yangu mdogo imo. Nimempigia simu na amekubali kuomba. Ahsanteni.

#21 Mhadhiri wa Zamani

Mwambie aanze na wadhamini kesho, binti yangu, na awapelekee ile karatasi moja.

#22 Binti wa Kilosa

Wakuu, nimerudi na habari. Leo asubuhi hatimaye nimekabidhiwa hati yangu ya matokeo, ina mhuri na sahihi zote. Nimeifungulia pale pale kwenye ngazi. Jina langu la kati limeandikwa kwa herufi moja pungufu, wakati cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na pasipoti vyote vina herufi zote. Nimerudi dirishani, nikaambiwa kwamba marekebisho yanaombwa kwa barua kupitia idara na yanachukua kati ya wiki nne na nane. Kozi ya Erasmus Mundus ninayoitaka inafungwa baada ya siku 23. Je, kuna aliyewahi kutuma hati yenye jina linalotofautiana na pasipoti, akaambatisha hati ya kiapo ya hakimu, ikapokelewa?

#23 Jirani wa Eldoret

Mimi niliambatisha kiapo mwaka 2019 kwa ufadhili wa kanda, na ilipokelewa. Ila mwenzangu aliyeomba kozi nyingine mwaka ule ule alirudishiwa.

#24 Karani wa Maabara

Dada, andika barua mbili leo hii. Moja uipeleke idarani kuomba marekebisho, na nyingine uitume kwa waratibu wa kozi yenyewe uwaulize moja kwa moja kama wanapokea kiapo, ili jibu lao liwe kwenye maandishi. Nipo Morogoro mjini na kesho sina zamu. Kama chuo chako kiko hapa na huwezi kusafiri kutoka Kilosa, niambie jengo na jina la ofisi, nikupelekee hiyo ya idara kwa mkono na nisubiri wagonge mhuri wa kupokea.

#25 Binti wa Kilosa

Nitashukuru sana, kaka. Nakuandikia faraghani sasa hivi. Wanafungua saa mbili na nusu.